Ploti za Kitengela na Njia ya Nyumbu

Matangazo ya ploti za Kitengela, Isinya na Kisaju, kaunti ya Kajiado kusini mwa Nairobi, hayaishi kwenye simu yangu: futi 50 kwa 100, hati miliki iko tayari, lami iko karibu. Wanaonunua nawaelewa kabisa. Kodi ya nyumba Nairobi inameza mshahara, na mwalimu aliyechoka kuhamahama ana haki ya kutafuta pake. Sensa ya 2009 ilihesabu watu zaidi ya 58,000 mjini Kitengela. Ile ya 2019 ikahesabu zaidi ya 154,000. Simwiti hata mmoja wao mvamizi.

Ninachopinga ni namna tunavyoigawa ardhi yenyewe. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyotengwa 1946, ina kilomita za mraba 117 tu. Pande tatu zina ua. Kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, pameachwa wazi, na kuna sababu. Mvua zikianza, nyumbu na pundamilia hutoka kwenda nyanda za Athi-Kaputiei, ndiko ploti hizi zinakokatwa. Nyasi fupi za huko zina madini ambayo majike wanaonyonyesha wanayahitaji, na simba hana pa kujificha. Kiangazi kikikaza wanarudi mbugani, kwenye mabwawa na mto. Ukiziba njia hiyo, wanyama wanabaki na nusu ya makao. Miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda hizo walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Leo wamebaki wachache mno.

Na kinachowafungia njia zaidi ni seng'enge. Nyumba moja katikati ya malisho nyumbu ataizunguka aendelee na safari yake. Mstari wa ploti mia moja, kila moja na ua wake, nyingi zikiwa tupu kwa miaka huku mwenyewe akingoja bei ipande, hawezi kuupita. Ng'ombe wa jirani naye hawezi. Ndiyo maana wafugaji Wamaasai wa huko wanaumizwa na ugawaji huu sawa na wanyamapori, ingawa mara nyingi wao ndio wauzaji. Ranchi yao ya pamoja, ardhi waliyoimiliki kwa kundi, ilipogawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, kila familia ilibaki na kipande chake na shida zake. Karo ikifika, ekari chache zinauzwa. Ukame ukiua mifugo, nyingine zinafuata.

Wanyamapori hawa kwa kiasi kikubwa wanalishwa na ardhi ya watu binafsi. Kiingilio kinalipwa langoni mwa mbuga, hasara inabaki bomani. Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Niliumia kwa ajili ya simba, lakini mtu aliyeamka akakuta mbuzi wake wamelala chini hatulizwi kwa hotuba ya uhifadhi.

Kwa hiyo naona wazo bora lililowahi kujaribiwa pale ni ule mpango ulioanza mwaka 2000 wa kuzilipa familia dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili zisiweke ua, zisiuze na zisiwinde. Malipo yalipangwa yafike wakati wa karo. Huo ni uungwana, na ni akili. Udhaifu wake ni kwamba ulitegemea wafadhili, na dola 4 haziwezi kushindana na bei ya ploti. Fedha hizo zinapaswa kutoka kwenye mapato ya mbuga na kwenye ada anayolipa kila mwenye kampuni anayekatakata ardhi jirani, tena ziwe za kudumu.

Mji nao ukue kwenda juu. Kitengela ina nafasi ya maghorofa iwapo kaunti itaweka mabomba ya majitaka badala ya kuwaachia watu mashimo yanayofurika kwenye ule udongo mweusi kila masika. Majitaka ya makazi ya kusini mwa Nairobi tayari yanaingia Mbagathi, mto uleule wanaokunywa wanyama.

Mpango wa matumizi ya ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto ulishatengenezwa, na Bodi ya Kudhibiti Ardhi ina mamlaka ya kukataa ugawaji wa mashamba. Ianze kuyatumia kwenye mapito ya wanyama. Kaunti nayo ibandike ramani ya mpango huo katika kila ofisi ya chifu, ili mnunuzi aione kabla hajatoa arubuni.