Droo Isiyopitisha Hata Karatasi

Mwili wa kabati haukuwa na kosa, hilo naomba liandikwe kwanza. Shiti moja ya plaiwudi ya milimita 18, futi 8 kwa 4, ilitosha: mbavu mbili za sentimita 64.5 kwa 45, na vilalo vinne, yaani vipande vya kulala kati ya mbavu, vya 86.4 kwa 45. Unapasua shiti kwa urefu, mistari miwili ya sentimita 45, na kila mstari unatoa vilalo viwili na ubavu mmoja. Ukihesabu na zile milimita 3 zinazoliwa na msumeno kila unapopita, bado unabaki na utepe wa kutengenezea miguu. Vilalo vinne vinakupa nafasi tatu za droo, kila moja milimita 191. Hesabu hiyo ningemwonyesha fundi samani yeyote wa Keko, Dar es Salaam, bila kuinamisha kichwa.

Balaa lilikuwa kwenye droo.

Mbao zilikuwa paina ya Mafinga, inchi moja kwa nane, nilizonunua Buguruni zikiwa mbichi kabisa. Kila mtu aliniambia mbao mbichi ikikauka inasinyaa. Basi nikazipanga bandani, vijiti katikati ili hewa ipite, chini ya bati tupu, Januari na Februari nzima. Joto la mle mnalijua. Machi zilikuwa nyepesi kama mkate wa juzi, ukigonga zinalia. Hakuna aliyeniambia kwamba mbao inaweza kukauka kuliko nyumba itakayokaa.

Nikazipiga randa zikabaki milimita 191 kasoro unywele. Nafasi 191. Droo ilikuwa ikiingia inasukuma hewa, fyuuu, kama mlango wa benki. Niliita majirani waje wasikilize. Nikachomeka karatasi ya daftari juu yake, ikagoma. Nikapiga vanishi kabati lote kwa nje. Ndani ya droo nikaacha, nani ataona?

Unyevu uliona. Masika ikaingia, na mbao ikanywa. Mbao huvimba kwa upana, kwa urefu ni kidogo mno, na upana wa ubao ndio ulikuwa kimo cha droo yangu. Ubao wa sentimita 19 uliokaushwa vile huongeza milimita 3 bila kutoa taarifa. Plaiwudi ya juu na chini haisogei, kwa sababu matabaka yake yamepishana na kila moja linamshikilia mwenzake. Kwa hiyo droo ilikaa mle kama kizibo kwenye chupa.

Tukagundua Jumamosi moja ya Aprili, saa kumi jioni. Harusi ilikuwa saa kumi na mbili. Droo ya juu ilikuwa na kitenge cha sare cha mke wangu pamoja na kadi yetu ya mwaliko, dabo, ya watu wawili. Ya kati ilikuwa na shati langu la kitenge hichohicho.

"Baba watoto, hii unaivutaje?"

Nikavuta. Mama mkwe akaleta sabuni ya mche tupake pembeni. Sabuni inateleza, ndiyo, lakini kwenye droo iliyovimba haina pa kuingia. Na hata siku ya kawaida ni afadhali nta ya mshumaa, maana sabuni nayo hunywa unyevu. Tungepitia nyuma, ila mgongo niliupiga gundi, kisha kabati zima nikalifunga ukutani kwa skrubu za inchi tatu. Kwa usalama wa watoto.

Nikaweka mguu kwenye ubavu wa kabati, nikashika mpini kwa mikono miwili. Kwaaa! Nikajikuta nimekaa kitandani, uso wa droo uko mapajani kama sinia. Hiyo ya juu ndiyo ilikuwa droo yangu ya kwanza maishani: uso niliupigilia misumari minne tu, ikazama kwenye kichwa cha ubao, pale ulipokatwa, mahali ambapo msumari haushiki kitu. Mke wangu akaingiza mkono, akatoa kitenge, akatoa kadi, akauliza pasi iko wapi.

Ya kati niliitengeneza ya mwisho, nikiwa nimeshakuwa fundi. Gundi na skrubu nane. Nilivuta hadi mpini ukang'oka.

"Hii umeitengeneza kweli, mwanangu," mama mkwe alisema, na alimaanisha.

(Dawa yake ilikuja Jumatatu: kufungua skrubu za ukutani, kung'oa mgongo, kuzigonga droo kutoka nyuma, kuranda milimita 4 juu ya kila moja, kisha vanishi ndani, nje, na hasa kwenye vichwa vya mbao.)

Nilikwenda ukumbini na shati la baba mkwe, mikono yake ikiishia karibu na viwiko. Mlangoni binti wa mapokezi akatazama kadi, akamtazama mke wangu na sare yake, akanitazama mimi.

"Karibu sana, mama. Dereva atasubiri nje?"