Kilima kilikuwa na wabunge wawili, mimi hata diwani hanijibu

Wiki ya tatu hii nachemsha maji ya kuoga kwenye birika la chai. Hita imekufa, ukuta wa chumba cha mtoto umeota kuvu mweusi kama ramani ya nchi isiyojulikana, na mwenye nyumba kila nikimpigia ananiambia yuko njiani. Njia gani hiyo isiyofika? Nikamwandikia diwani. Kimya. Nikaandika tena, safari hii kile Kiingereza cha kupiga magoti. Kimya kilekile.

Jumamosi, ili nisije nikavunja kitu mle ndani, nikapanda basi kwenda Old Sarum. Ukikaa Salisbury, huku kusini mwa Uingereza, lazima uende siku moja, la sivyo wageni wakija watakuumbua. Ni kilima tu, kilometa kama tatu kaskazini mwa mji. Nikalipa kiingilio nikaone ngome. Nikakuta nyasi na kuta zilizong'oka meno. Msingi wa kanisa kuu la zamani umebaki chini kwenye majani, utadhani fundi alipiga kamba, akaenda kula, akapotelea hukohuko. Na upepo, jamani! Kofia ilishatangulia Salisbury kabla yangu.

Mzee mmoja mwenye mbwa akanisogelea. Akaniambia hapa tuliposimama palikuwa na wabunge wawili. Nikacheka kwa adabu. Kumbe hatanii.

Zamani palikuwa na mji hapa juu. Watu wenyewe walianza kuteremka bondeni miaka ya 1220, kanisa kuu lilipohamishiwa huko. Nawaelewa, na upepo ule. Ila viti viwili vya bunge havikuteremka. Vilikaa kilimani hadi 1832! Kura haikuwa ya mtu, ilikuwa ya kiwanja. Mwenye viwanja anawakabidhi jamaa zake hati siku ya uchaguzi, wanamchagua anayemtaka yeye, hati zinarudi kabatini. Na walichagulia chini ya mti, kama mkutano wa kijiji chini ya mwembe, ila kijiji ndicho hakipo. Mwaka 1831 wapiga kura walikuwa 11, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiishi pale. Wakati huohuo Manchester, mji wenye watu zaidi ya laki moja, haukuwa na mbunge wake hata wa dawa.

Thomas Pitt, mfanyabiashara wa India aliyekuja kuwa gavana wa Madras hukohuko India, alinunua mahali hapa mwishoni mwa miaka ya 1600, wabunge ndani yake. Ukoo ukarithi viti kama watu wanavyorithi shamba la minazi. Mjukuu wake, William Pitt, akaingia bungeni 1735 kwa mgongo wa kilima hiki, akapanda hadi uwaziri mkuu. Na ni huyohuyo aliyesimama bungeni mwaka 1766 akasema viti vya namna hii ni sehemu iliyooza ya katiba. Kashiba pilau, sasa ndiyo anaona nzi kwenye sinia.

Mwaka 1832 sheria ikafuta viti vya miji ya aina hiyo 56, Manchester nao wakapata wabunge wawili. Mzee akaita mbwa wake akaondoka. Mimi nikabaki nawaza mambo ya wivu. Kiwanja kitupu, hakina bomba wala hita ya kuharibika, kinasemewa na watu wawili London. Mimi nina mke, mtoto, kuvu na risiti za kodi ya nyumba za miaka minne, nasemewa na birika.

Nikarudi nyumbani moto. Nikamsimulia Mama Zawadi yote, kuanzia kiingilio hadi Manchester, yeye anakunja nguo tu. Nilipomaliza nikapiga meza: "Wabunge wawili! Kilima!"

"Baba Zawadi," akasema bila kuinua macho, "hao wabunge wawili, kilima waliwahi kukitengenezea nini?"

Nikafikiri. Nikafikiri tena.

"Birika linalia," akasema. "Na leo anza na mtoto, jana ulimaliza maji wewe."