Adabu darasani: nyumba imefundisha nini, shule ifundishe nini?

Ingia darasa la msingi mjini Tanga, iwe Ngamiani au Chumbageni: watoto watasimama kwa mkupuo na kuvuta "Shikamoo mwalimuuu" hadi isikike barazani. Punde si punde mmoja atamnyang'anya mwenzake kifutio bila neno, naye aliyenyang'anywa atajibu kwa kofi. Kuamkia wanajua. Kuombana hawajui. Hapo ndipo ubishi unapozuka: shule itenge muda wa kufundisha adabu ya mazungumzo, au hiyo ni kazi ya nyumbani na chuoni, yaani madrasa?

Wanaopinga wana hoja nzito. Darasa la kwanza na la pili mzigo mkubwa ni kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto anayefika la tatu hajui kusoma hata adabu nzuri kiasi gani haitamwokoa. Tena jambo lenyewe limeshajaribiwa kama somo. Palikuwa na Haiba na Michezo, ikaja Uraia na Maadili, na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta Historia ya Tanzania na Maadili. Likishakuwa somo lina mtihani, na mtihani hupima jibu. Mtoto anazungushia herufi sahihi kuhusu heshima, halafu anatoka nje kuwapiga wenzake vikumbo kwenye foleni ya uji.

Halafu kuna swali la adabu ya nani. Darasa moja la Tanga lina Wadigo, Wabondei, Wazigua na Wasambaa walioshuka kutoka milimani, na kila nyumba ina mipaka yake. Mafunzo mengi ya stadi za maisha humtaka mtoto amtazame usoni anayezungumza naye. Katika nyumba nyingi za hapa, kumkazia macho mkubwa anayekuonya ni ujuvi. Alichosifiwa nacho asubuhi darasani kinamponza alasiri chuoni. Hata "tafadhali" limepandishwa cheo mno na mabango ya ukutani. Mswahili huomba kwa kitenzi: "naomba kalamu", "niazime kidogo", "hebu nisogelee". "Tafadhali nipe kalamu" yaweza kuwa amri iliyovaa kanzu, na likikazwa sauti, neno hilohilo ni onyo.

Hoja hizo zinabomoa somo la adabu. Kazi yenyewe haziigusi. Nyumba na chuo humfundisha mtoto kusema na aliye juu yake: aamkie, aitike "naam" au "abee", apokee kwa mkono wa kulia, asidakie maneno ya wakubwa. Namna ya kusema na mwenzake wa rika moja hufundishwa kwa nadra, kwa sababu nyumbani mwenzake ni ndugu, na ugomvi wa ndugu huamuliwa na mama. Hakuna nyumba yenye watoto 90 wa umri mmoja wanaogombea bomba moja. Mahali pa kujifunzia kungoja zamu, kukataa bila kutukana na kupinga jibu la mwenzio ni darasani tu.

Kwa hiyo dakika 10 kabla ya kipindi cha kwanza zinatosha, stadi moja kwa wiki 2. Dawati la watoto watatu, ambalo kila mwalimu hulilalamikia, hapa linafaa: mmoja anaomba, wa pili anajibu, wa tatu anasikiliza na kusema alichosikia, kisha wanabadilishana. Darasa la watoto 90 lina madawati 30. Mwalimu akipita madawati 6 kwa siku, kwa siku 5 amewasikia wote. Kwanza aigize mwenyewe na mtoto mmoja, mara mbili, mara ya kwanza vibaya. Watoto watacheka, na watakumbuka. Asianze kwa kuitikiza darasa zima, maana kiitikio huficha asiyejua.

Kukataa kufundishwe sambamba na kuomba: "Samahani, naitumia, nikimaliza nitakupa." Bila sentensi hiyo, anayeombwa hubaki na njia mbili, kutoa kwa kinyongo au kusukuma.

Kuomba radhi ndiko kunakoharibiwa zaidi. Desturi ni kuwaita wawili mbele na kuwaamuru wapeane mikono. Aliyepigwa naye anaomba msamaha, na hapo amefundishwa kwamba kuonewa ni kosa. Radhi ina vipande vitatu: kulitaja kosa, kuacha "lakini", na kutengeneza. "Nisamehe, nimekanyaga daftari lako. Ngoja nilifute."

Mtoto akikosea, aambiwe "hebu sema tena" kwa sauti ya chini, apewe nafasi ya kurudia. "Hukufunzwa kwenu?" ni tusi kwa mama yake, na darasa zima husikia hivyo. Fimbo nayo haina nafasi hapa. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi 4, kwa mamlaka ya mwalimu mkuu, kwa makosa makubwa. Kusahau "naomba" si mojawapo. Na mtoto anayeamkia kwa kuogopa fimbo ataacha kuamkia atakapoizidi mbio.

Lakini hatari kubwa ya mpango huu wanaopinga hawaitaji: kulea watoto watiifu mno. Anayewashika watoto vibaya huanza na yule asiyeweza kumkatalia mkubwa. "Sitaki" na "naenda kumwambia mwalimu" yafanyiwe mazoezi kwenye madawati yaleyale, na namba 116, simu ya bure ya msaada kwa mtoto, iandikwe ukutani mahali pa bango la "tafadhali". Wazazi waelezwe kwenye kikao kabla ya wiki hizo kuanza, ili mtoto atakayefika nyumbani na "sitaki" yake asichapwe kwa ujeuri kabla hajaulizwa alikuwa anakataa nini.