Bendi isiyo na lebo kubwa haijashindwa

Kuna kauli inayonikera kila inapotajwa bendi inayojitegemea ya bluzi-roki, muziki unaochanganya bluzi na roki: "Wanapiga vizuri, ila bado hawajatoboa." Anayesema hivyo mara nyingi ameshasikiliza albamu zao kadhaa na ameona kumbi zikijaa watu kuwasikiliza, lakini kwake kazi yao haitahesabika mpaka lebo kubwa, yaani kampuni kubwa ya kurekodi na kuuza muziki, iwaite mezani. Nakataa katakata. Katika muziki huu hasa, kumiliki kazi yako ni mafanikio kamili.

Nasema "katika muziki huu hasa" kwa sababu bluzi ina historia chungu ya watu waliopanda na wengine wakavuna. Mtunzi Willie Dixon aliwatungia waimbaji wa bluzi Muddy Waters na Howlin' Wolf nyimbo ambazo bendi za roki za Uingereza zilizichukua na kuzipeleka kwenye majukwaa makubwa, huku yeye akilazimika kudai haki yake kupitia mawakili. Miaka ya 1970, Dixon na Muddy Waters waliishtaki Arc Music, kampuni iliyoshika haki za nyimbo zao, kwa ajili ya mirabaha. Mwaka 1985 Dixon akawashtaki Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, kwa sababu ya wimbo wao "Whole Lotta Love", na shauri likamalizika kwa makubaliano mwaka 1987. Huyo ni mmoja wa waliojenga msingi ambao bluzi-roki yote imesimama juu yake! Kwa hiyo mwanamuziki wa leo akiusoma mkataba, akaona kwamba masta, yaani rekodi asilia za nyimbo zake, zitabaki kwa kampuni na kwamba gharama za studio zitakatwa kwenye mgao wake kabla hajapata senti, kisha akagoma kutia saini, hana la kuombea radhi.

Watazameni dada wawili wa bendi ya Larkin Poe, Rebecca na Megan Lovell, waliotokea Georgia nchini Marekani. Megan hupiga lap steel, gitaa ambalo kwa kawaida hulazwa mapajani, akiwa amesimama, chuma kikiteleza juu ya nyuzi na kuijibu sauti ya dada yake mstari kwa mstari. Mwaka 2017 walitoa albamu ya Peach kupitia lebo yao wenyewe, Tricki-Woo Records. Albamu iliyofuata, Venom & Faith ya 2018, iliteuliwa kuwania Grammy; Blood Harmony ya 2022 iliishinda mwaka 2024, katika kundi la bluzi ya kisasa. Hakuna aliyewashika mkono na kuwaambia wapunguze ukali wa gitaa ili redio ziwakubali.

Nitakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba lebo kubwa inaweza kumfikisha mtu mbali. The Black Keys, bendi ya Akron, Ohio, walirekodi albamu ya Thickfreakness ya 2003 katika chumba cha chini cha nyumba, sehemu kubwa kwa siku moja, kwa mashine ya zamani ya kanda. Walipohamia Nonesuch, lebo iliyo chini ya kampuni kubwa ya Warner, mwaka 2006 milango ilifunguka, na albamu ya Brothers ya 2010 ikawaletea tuzo za Grammy. Lakini sauti ile iliyokwaruza, ya watu wawili tu, gitaa na ngoma, walikuwa wameshaijenga kabla kampuni hiyo haijawachukua. Kampuni ilikuta nyumba imekwisha kuezekwa.

Sipuuzi ugumu wa njia hii. Malipo ya kusikilizwa mtandaoni ni kidogo mno, na ziara hula mafuta, vyumba vya kulala na afya. Bendi nyingi huvunjika hapo, wala si kwa kukosa kipaji. Anayeipenda bendi anunue tiketi, anunue na albamu kwenye meza yao baada ya onesho, maana fedha hiyo huwafikia.

Wale dada wa Larkin Poe wangeweza kuuza kila kitu baada ya Grammy. Mwezi Januari 2025 walitoa albamu ya Bloom, na jina la lebo lilikuwa lilelile: Tricki-Woo.