Basi au gari lako: Lubumbashi hesabu ni nyingine

Huko Ulaya na Marekani swali la kipi ni salama zaidi, basi au gari lako, lina jibu la zamani: anayepanda basi yuko salama kuliko anayejiendesha, tena kwa mbali. Takwimu zao sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na wanaozileta Lubumbashi, huku kwetu Kongo (DRC), kama zilivyo, kana kwamba basi ni basi popote.

Basi la kule ni zito, dereva wake anangoja mshahara wa mwezi, na abiria anashukia kituoni. Hiace ya hapa mjini, mtaa wa Katuba, haina hata kimoja katika hivyo. Kila jioni dereva anampelekea mwenye gari fedha waliyopatana, kinachobaki ndicho chake, kwa hiyo kila dakika anayosimama inamla mfukoni. Benchi la watu watatu wanabanwa wanne, na mkanda hakuna anayeuulizia.

Kinachonitisha zaidi, hata hivyo, ni mlango. Kongo tunaendesha kulia. Hiace nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako wanaendesha kushoto, hivyo usukani uko kulia na mlango wa abiria kushoto. Gari likiegeshwa pembeni, mlango unafungukia barabarani. Mama anashuka na beseni mkononi, mtoto mgongoni, anakanyaga lami palepale pikipiki zinapopita. Kijana wa mlangoni ananyoosha mkono kuzizuia, na kinga nzima ni mkono huo.

Je, mwenye gari lake ameshinda? Kwa sehemu. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa waliokaa mbele hadi nusu, na gari lake linao. Kasi anaipanga mwenyewe, matairi anayajua, na usiku habanwi na watu asiowajua. Ila hakuna anayejihesabu dereva mbaya, hata baada ya bia tatu za Simba za Jumamosi.

Tena magari madogo mengi nayo yana usukani kulia. Mjini si kitu sana, foleni inatutuliza wote. Sasa toka mjini kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita karibu 90, ukute malori ya shaba na kobalti yamefuatana. Mengi nayo yana usukani kulia, maana yanatoka Zambia, Tanzania na Afrika Kusini, wanakoendesha kushoto. Wewe umekaa upande wa mtaro, mbele yako mgongo wa lori. Ili uone kama njia ni nyeupe, itabidi nusu ya gari iwe imeshaingia upande wa wanaokuja. Wengi humuuliza aliyekaa kushoto: “Njia iko?” Mtu huyo hajashika usukani wala hajui gari lina nguvu kiasi gani, lakini neno lake ndilo linalofuatwa.

Kuna jambo jingine ambalo mwenye gari halihesabu. Kati ya watu wapatao milioni 1.19 wanaokufa barabarani duniani kila mwaka, zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Familia ya Golf, mtaa wa wenye nacho, ikinunua gari la pili ili watoto wafike shule salama, watoto wa Kenya na Ruashi, mitaa ya hapahapa Lubumbashi, wanaovuka kwa miguu wameongezewa gari la kulikwepa. Usalama wa namna hiyo unalipiwa na jirani. (Pikipiki siijadili: kwa ajali, ndiyo mbaya kuliko zote.)

Kwa hiyo mjini, mchana, Hiace inatosha, mradi usishuke kabla ya kuchungulia nyuma ya mlango. Usiku mjini, gari lako. Njia ya Kasumbalesa ningepanda basi kubwa la asubuhi, ambalo dereva wake amekaa juu na anaona mbali, hata kama Toyota yangu ya usukani wa kulia iko uani na mafuta yamejaa. Ingekuwa na usukani kushoto, ningejiendesha.