Daktari ajue ugonjwa, mwajiri ajue siku

Nchini Ujerumani, ninakofanya kazi katika ghala la bidhaa, mwajiri wangu hana njia ya kujua nimeugua nini isipokuwa nimweleze mwenyewe. Tangu Januari 2023, kwa sisi tulio katika mifuko ya bima ya afya ya umma, daktari hutuma cheti cha ugonjwa kwa njia ya mtandao kwenye mfuko wa bima, na mwajiri huchukua huko mambo machache tu, kama vile siku ya kuanza mapumziko, siku ya kumaliza, na kama cheti ni cha kwanza au cha kuendelea. Jina la daktari halimo. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa enzi za karatasi, ingawa nakala ya mwajiri haikuandikwa ugonjwa, muhuri wa daktari wa magonjwa ya akili ulitosha kuwapa watu la kuzungumza.

Nilikofanya kazi Tanzania, utaratibu ulikuwa mwingine. Mfanyakazi alichukua fomu ofisini, akaipeleka hospitali, daktari akaandika ED, yaani ruhusa ya kupumzika kazini kwa ugonjwa, ya siku kadhaa pamoja na ugonjwa wenyewe, kisha fomu hiyo ikapita kwa karani wa masjala, msimamizi na ofisa utumishi kabla ya kuingia kwenye faili. Ikifika saa ya chai, habari ilikuwa imekwisha kuenea.

Si kwamba sheria hatuna. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara, kwa sharti la cheti cha daktari. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya vipimo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa maoni yangu, kinachotuangusha ni fomu yenyewe. Wenzangu wa ghalani wanapenda umbea kama sisi, ila hawapewi malighafi yake.

Wapo watakaouliza mwajiri atamtambuaje anayejisingizia ugonjwa. Huku, mwajiri mwenye shaka anaweza kuuomba mfuko wa bima upange uchunguzi wa madaktari wengine, naye huambiwa kama mtu anaweza kufanya kazi au hawezi; ugonjwa hatajiwi.

Nakiri kwamba usiri huu una upweke wake. Nyumbani, ukilazwa, wenzako wa kazini huja na matunda na mchango. Huku unaweza kuugua wiki mbili bila mtu kubisha hodi. Hata hivyo, kuamua nani ajue kunapaswa kubaki kwa mgonjwa, naye hawezi kuamua lolote ikiwa karani amekwisha kusoma.

Fomu ingegawanywa vipande viwili: kimoja chenye ugonjwa kibaki hospitali, kingine chenye tarehe na sahihi kirudi kazini. Hata kwa dereva wa basi au mpishi, ambao afya yao inagusa usalama wa wengine, mwajiri anahitaji kuambiwa tu kwamba anafaa, hafai, au anafaa kwa masharti fulani, kwa mfano asiendeshe usiku.