Kazi Ikishatolewa kwenye Chaki

Kila nikirudi Dar swali ni lile lile: "Kaka, kule Ujerumani mna mashine gani?" Nikijibu kwamba mashine si tatizo, naonekana nabana siri. Basi niandike mara moja yaishe.

Nilijifunzia kukereza, yaani kuchonga chuma kinachozungushwa na mashine, mtaa wa Gerezani pale Dar, kwenye mashine iliyonizidi umri. Chuma chetu kilikuwa ekseli za malori yaliyokufa. Hakina cheti wala namba. Unagusisha ncha kwenye grainda, unasoma cheche. Zikiruka ndefu na nyoofu, hicho laini. Zikipasukapasuka kama fataki, kina kaboni nyingi, andaa kisu kikali. Huku nilipo, karibu na Stuttgart, chuma kinaingia na karatasi yake: C45, yaani kaboni kama asilimia 0.45. Kijana anasomea fani hii miaka 3 na nusu, na anakuwa fundi kweli, lakini mpe bushi iliyolika, ile pete inayokalia shafti, atakuuliza mchoro uko wapi. Sisi mchoro tuliusoma kwenye kipande chenyewe: hapa pamelika, hapa beringi haikugusa, basi kipimo cha mwanzo ni hiki. Ufundi huo huku sijauona, na asije mtu akaniambia ni kubahatisha.

Tunapofeli ni kwenye foleni.

Chukua siku moja tu ya enzi zile. Asubuhi nimefunga shafti ya mashine ya kusaga unga, nimemaliza upande mmoja. Saa nne anaingia mwenye daladala, gari limelala, kelele mpaka nje. Mzee, mwenye karakana, ananiambia, "Toa hiyo, funga ya huyu." Natoa. Saa nane anakuja mtu wa boti kutoka Feri, pesa mkononi. Natoa tena. Jioni narudi kwenye shafti ya unga, na hapo ndipo penye hasara ambayo hatukuwahi kuiandika popote. Kazi ikishatolewa kwenye chaki ya meno matatu, ile sehemu ya mashine inayobana kipande, hairudi ilivyokaa. Inayumba kidogo, jicho halioni. Lakini mahali pa kukalia beringi kwenye shafti ya milimita 25, kwa kipimo cha k6, alama ya mchoro inayosema beringi ikae kwa kubana kiasi gani, pana nafasi ya kukosea ya mikroni 13 tu, yaani sehemu 13 za elfu za milimita. Unywele wako ni mnene kuliko hapo. Chaki iliyochoka inahamisha kipande mara kadhaa ya hizo. Pande mbili za shafti hazikai tena kwenye mstari mmoja, mashine inatetemeka, beringi zinaliwa. Mteja akirudi tunamwambia beringi za siku hizi feki. (Wakati mwingine ni feki kweli.)

Huku kila kazi inatembea na karatasi yake: kukatwa, kukerezwa, kuchongwa mfereji wa puli, kutiwa ugumu kwa moto, grainda. Kiwandani kwetu huku kazi ya moto inapelekwa nje na inakula wiki nzima, kwa hiyo mpangaji anaanzia hapo, anahesabu kurudi nyuma mpaka siku ya kukata. Na iliyofungwa haitolewi kwa sababu mtu ana sauti. Hesabu yake hata mtoto anaielewa: kufunga na kupanga visu saa 2, kukata kila kipande dakika 6. Vipande 40 vinakula saa 6, yaani dakika 9 kila kimoja. Ukifunga kwa ajili ya kipande kimoja, hicho kimekula dakika 126.

Mtaniambia Gerezani hakuna vipande 40, kila mteja na lake. Kweli. Ila bushi za shaba za watu watano zinaweza kusubiriana mpaka Alhamisi, zikafuatana. Na Mzee hakuwa mjinga: pesa ya yule mwenye daladala ndiyo iliyolipa kodi ya banda. Bila malipo ya awali, kupanga foleni ni anasa.

Msidhani huku ni peponi. Nimewahi kukereza vipande vya aina moja hiyo hiyo wiki kumi na moja, sijui vinakwenda wapi, na hakuna aliyekuja kusema ahsante. Mwenye mashine ya unga alituletea kiroba cha sembe.

Likizo iliyopita nilimchorea mdogo wangu ubao kwenye ukuta wa karakana, safu tatu: iliyofungwa, inayofuata, inayosubiri chuma. Sharti moja, iliyofungwa haitolewi. Baada ya wiki mbili akanipigia.

"Kaka, ubao unafanya kazi."

"Safi."

"Ila jana mwenye daladala kafuta jina la mwenzake, kaandika lake. Sasa chaki tunaficha."

"Ya ubao au ya mashine?"

"Zote mbili."